Maisha ya Baruti, Mtazamaji wa Milipuko, na Taarifa Inayofutwa Leo

Ndugu, jamaa, majirani na ninyi nyote mlioacha shughuli zenu mkaja kukaa nasi kwenye viti hivi vya plastiki, naomba dakika zenu chache, mimi ni mdogo wake marehemu, yule mpishi wa meli, niliyechaguliwa kusoma si kwa sababu nina sauti nzuri bali kwa sababu wenye sauti nzuri wote walikataa. Karatasi iliyotolewa na kikao cha familia ilikuwa ya ukurasa mmoja, hii ninayoisoma nimeiandika mwenyewe na ni ndefu kidogo, shangazi yetu ameiona kwa mbali akaniambia, "Mwanangu, soma kilichoandikwa, usituletee vichekesho vya melini," nami nimemwahidi kwamba vichekesho vitakuwa vichache, na ahadi hiyo itatimia yenyewe kadiri tunavyosogea.

Marehemu alizaliwa siku ya Ijumaa, tarehe 3 Machi 1961, saa nne asubuhi, katika chumba cha pili cha nyumba za wafanyakazi wa machimbo ya mawe, akiwa wa kwanza kati ya watoto wawili, baba yetu akiwa mpasuaji, yaani yule anayetoboa mwamba, akashindilia baruti, akapiga king'ora mara tatu na kuusambaratisha. Mama alitusimulia kwamba mlipuko wa saa nne ulimkuta mkunga ameshika mtoto miguu, akashtuka, akamwachia akaangukia godoro, ndipo mtoto akalia kwa mara ya kwanza, na kwa maoni yangu mimi niliyeishi naye hakuwahi kunyamaza, kwa hiyo jina la Baruti hakulitafuta, alilikuta linamsubiri.

Baba yetu naye alikuwa mtu wa mikono, mawe aliyoyapasua kutwa hayakumtosha, jioni alihamia kwetu, na mkanda wake ulikuwa na msumari wake maalumu nyuma ya mlango wa jikoni, sisi tuliujua ule mkanda kwa harufu. Mwaka 1975 nilivunja kioo cha dirisha la ofisi ya machimbo, nilikuwa na miaka saba, kaka akasema ni yeye, akapigwa mpaka chuma cha mkanda kikang'oka, hakutoa sauti, kisha akanifuata nyuma ya tangi la maji akanishushia makofi manne ya maana, akasema, "Hii ni nakala yako." Nawaambia hili mapema ili mjue kwamba huyu mtu aliwahi kunikinga kwa mgongo wake, sijasahau, na sitaki mtu adhani nimesahau kwa sababu ya yatakayofuata.

Alianza shule ya msingi mwaka 1968 na kumaliza 1974, akaingia sekondari Januari 1975 hadi 1980, akasimamishwa mara mbili, mara ya kwanza kwa kumvunja pua kiranja wa bweni, mara ya pili kwa kupitisha ngumi kwenye mlango wa kabati la maabara, kovu lake mliliona wote mliowahi kupeana naye mkono. Katikati hapo, likizo ya mwaka 1979, alining'oa mimi meno mawili ya mbele kwa sababu nilishika lenzi yake na vidole vyenye mafuta, haya mnayoyaona niliwekewa miaka mingi baadaye katika bandari ambayo daktari wake wa meno alikuwa pia kinyozi, ndiyo maana yanatazama pande tofauti.

Aliyemwokoa ni mwalimu wake wa fizikia, mtu mfupi ambaye hakumwogopa, aliyempandisha juu ya paa la maabara saa sita mchana, akatega darubini ndogo ikamwaga sura ya jua juu ya karatasi nyeupe, akamwonyesha madoa yake, akamsimulia ndimi zake za moto, akamwambia, "Wewe una hasira nyingi, kijana, basi mtafute mwenye hasira kukuzidi uwe unamtazama, labda utatulia." Kaka alitazama mpaka ngozi ya shingo ikababuka, na tangu siku hiyo alijua anakwenda wapi, akasoma chuo kikuu kuanzia 1981 hadi 1985, akaenda ng'ambo mwaka 1987, akarudi na shahada ya uzamivu tarehe 12 Juni 1991, akiwa amevunja vyombo vya wenye nyumba watatu lakini rekodi ya masomo haina hata mkwaruzo.

Tarehe 1 Oktoba 1992 aliajiriwa katika taasisi iliyotengeneza kamera ya darubini ya angani, kamera ya kunasa mwanga wa kawaida na ule wa urujuanimno usioonekana kwa macho, na setilaiti iliyoibeba iliporushwa mwaka 2004 yeye alikuwa miongoni mwa wale wachache wanaopokezana zamu ya kuwinda milipuko ya miali ya gamma, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu tarehe 31 Machi 2021. Alinieleza mlipuko huo mara nyingi, kila mara akipiga meza, kwamba nyota kubwa mara thelathini kuliko jua ikiishiwa na cha kuunguza inajiangukia yenyewe, kiini kinabonyea ndani kwa kufumba na kufumbua, na kutoka humo inachomoka mishale miwili, mmoja huku na mwingine kule, inaitoboa ile nyota kutoka tumboni na kuirarua, na kwa sekunde chache hizo nyota moja inatema nguvu ambayo jua letu halitaitema kwa umri wake wote. Miali ya gamma yenyewe inapita na kwisha, kinachobaki ni mng'ao wa mabaki yakigonga gesi ya jirani, mng'ao unaofifia saa hadi saa, na sehemu yake ya urujuanimno inazuiwa na angahewa isitufikie huku chini, ndiyo maana kamera ilibidi ipelekwe juu kabisa. Akaongeza jambo ambalo nililiona dogo, kwamba anayesimama mbele ya mshale ndiye anayeuona mlipuko, aliye pembeni haoni hata cheche, atakuapia kwamba anga limetulia.

Zamu yao haikuhitaji ofisi, mwenye zamu alibeba simu popote alipo, darubini ikihisi miali inageuka yenyewe bila kumwomba mtu ruhusa, ndani ya dakika moja na nusu inapiga picha ya kwanza bila kichujio, halafu inazungusha gurudumu la vichujio, cha bluu, cha zambarau, mpaka cha urujuanimno, na mwenye zamu analinganisha picha na ramani ya zamani ya anga, akiona nukta mpya anaandika taarifa fupi inayosomwa na wataalamu dunia nzima, wenye darubini kubwa za ardhini wanageuza mitambo yao kabla nukta haijapotea. Mwaka 2013 aliona nukta katika picha isiyo na kichujio, akaikosa katika zambarau, akaikosa katika urujuanimno, na badala ya kutupa picha akasema haya, mwanga wake umeliwa njiani na gesi, basi umetoka mbali mno, na kweli nyota hiyo ilikuwa imekufa kabla jua letu halijazaliwa, wenzake walimpigia makofi, nami nilikuwa baharini nikikaanga mayai ya watu ishirini na wanne.

Katika kazi ile, ndugu zangu, kulikuwa na desturi mbili nilizoelezwa wiki hii na mwenzake wa zamu, yule mama mwembamba aliyekaa pale karibu na spika. Ya kwanza, hakuna anayeruhusiwa kuandika "hakuna kitu", anaandika alitazama kwa kichujio gani, kwa sekunde ngapi, na kitu kingekuwa hafifu kiasi gani ndipo angekikosa. Ya pili, ukitangaza kosa unalifuta pale pale ulipolitangazia, mbele ya wale wale waliokusoma, kwa jina lako, ukitaja ulisema nini na kwa nini si kweli, na hakuna anayekucheka, wanakucheka tu usipofuta.

Marehemu alifunga ndoa siku ya Jumamosi, tarehe 8 Julai 1995, na shemeji yangu mwalimu wa kemia, ambaye yupo hapa leo ingawa hakulazimika, harusi ilifana mpaka pale bwana harusi alipomtwanga mpiga picha kwa kumwambia asogee kushoto mara ya tatu, tukacheka wote, nami nilicheka kuliko wote, na picha moja inamwonyesha bibi harusi akiwa mtu pekee ambaye hacheki. Walijaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa tarehe 22 Januari 1997, ambaye ni fundi wa lifti, na kijana aliyezaliwa tarehe 5 Agosti 2001, ambaye yuko masomoni.

Hapa ndipo karatasi ya kikao iliposema, "Alikuwa baba mpole na mwenye upendo." Juzi Jumapili, saa tano asubuhi, binti yake alinipigia simu akasema, "Baba mdogo, nasikia wewe ndiye msomaji." Nikamjibu ndiyo mama, wamekosa mwingine. Akasema, "Basi sikiliza vizuri. Ukisoma hiyo 'baba mpole' nikiwa nimekaa pale, nanyanyuka, na udongo siweki. Sikwambii umwite mnyama. Nataka ile ngazi iondoke." Nikaanza kutafuta cha kumchekesha, ndiyo kazi yangu, akanikata, "Usinichekeshe, baba mdogo. Ulinichekesha hospitali."

Basi nasoma. Siku ya Jumapili, tarehe 17 Mei 2009, nilikuwa likizo nyumbani kwa kaka, naye alikuwa zamu, simu yake ikalia saa nane na dakika kumi na mbili mchana, akaacha sahani, akaingia chumba chake cha kazi, binti akamfuata kwa sababu alipenda kukaa kwenye kile kiti cha pili na kufanya hesabu zake za shule. Picha ya kwanza ikashuka, kaka akaona nukta inayong'aa, akaitafuta kwenye ramani ya zamani asiione, na saa tisa kasoro robo akaitangazia dunia kwamba amepata mng'ao wa mlipuko, darubini tatu kubwa za ardhini zikaacha kazi zao zikageukia pale. Mimi nilikuwa jikoni nakata vitunguu, mlango wazi, nasikia kila kitu.

Saa kumi kasoro dakika kumi picha za baadaye zikashuka, na binti, mwenye miaka kumi na miwili, aliyekuwa ameweka mbili kati ya hizo ubavu kwa ubavu, akasema, "Baba, mbona hii haififii? Iko vile vile." Kaka akamwambia anyamaze. Akasema tena, kwa upole kabisa, "Baba, si ulisema lazima ififie? Na hiyo ramani yako si ilipigwa kwa rangi nyekundu? Kama ni nyota ya bluu ingeonekanaje?" Ndivyo ilivyokuwa, ilikuwa nyota moto ya siku zote, ramani nyekundu haikuinasa, kamera ya urujuanimno ikainasa kama taa ya gari, kosa ambalo ni mtu wa kazi ile peke yake anaweza kulifanya, na mtoto wa darasa la sita alikuwa ameliona kabla ya dunia nzima.

Nilisikia kofi, halafu nikasikia kitu kizito, kilikuwa juzuu la ramani za nyota lenye jalada gumu, mara moja, mara mbili, halafu kiti kikaanguka. Nilifika mlangoni na kisu cha vitunguu mkononi, binti alikuwa chini kati ya kiti na ukuta, damu inatoka sikio la kushoto inaingia kwenye kola ya gauni, mdomo wazi lakini hautoi sauti, kaka amesimama juu yake ameinua kitabu kwa mara ya tatu, na simu ikalia. Akashusha kitabu, akapokea, akasema kwa sauti ya utulivu ambayo wenzake wote hapa wanaifahamu, "Ndiyo, ndiyo, nami nimeanza kuwa na shaka nayo, nipeni dakika chache." Mimi sikumgusa. Nina mikono ya kuinua masufuria ya lita hamsini, nimewahi kutenganisha mabaharia wenye mapanga, siku hiyo niliweka kisu juu ya meza, taratibu, kisichafue karatasi zake.

Nilimbeba binti mpaka hospitali, daktari kijana akauliza imekuwaje, nami, bila mtu kunituma, nikajibu, "Ameanguka kwenye ngazi." Halafu nikakaa naye kwenye benchi nikimwigizia nahodha wangu anavyokoroma, mpaka akacheka, na alipocheka damu ikaruka tena. Ngoma ya sikio ilipasuka, mfupa wa shavu ulikuwa na ufa, na sikio la kushoto halijasikia kitu tangu siku hiyo. Saa kumi na nusu, sisi tukiwa bado kwenye benchi, kaka alitoa taarifa yake ya pili, mwenzake wa zamu amenipa nakala zote mbili, inasema: "Tunafuta taarifa yetu ya awali. Nukta tuliyoitangaza haififii na ni nyota ya kawaida. Kosa ni langu." Dunia nzima iliombwa radhi ndani ya saa mbili, na aliyeligundua kosa hakuwahi kuombwa kwa miaka kumi na sita.

Shemeji aliondoka na watoto tarehe 2 Februari 2010, na sisi tulisema ni mkorofi. Ninyi mliuliza habari za sikio, kwenye misiba, kwenye harusi, hapa hapa uwanjani, nami niliwajibu ngazi, nikaongeza na maigizo, jinsi alivyobingirika, mkacheka. Wengi wenu mmekula ndani ya nyumba ile, mnaijua chumba kwa chumba, ni nyumba ya chini, haina ghorofa, haina hata kidato mlangoni, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza ngazi ipi.

Ofisini mwake walimjua mpole, na hawasemi uongo, wao walisimama pembeni.

Ugonjwa wa marehemu ulianza Januari 2025 kwa maumivu ya mgongo, tarehe 19 Februari akakutwa na saratani ya kongosho, akapasuliwa tarehe 6 Machi, akatibiwa kwa dawa kali hadi Julai, na hakuugua kwa upole, alirusha vikombe, alichomoa mipira ya dawa, alimtukana kila aliyemgusa, na maumivu nayo yakamlipiza bila huruma, wiki za mwisho alikuwa akiuma shuka mpaka ikatoboka, simjui adui wa kumwombea vile. Tarehe 30 Agosti nilimwambia, "Kaka, mpigie mtoto. Futa lile neno." Akasema, "Ngazi ulisema wewe. Futa wewe." Akageukia ukutani. Nilikasirika siku mbili nzima, ya tatu nikaona kwamba kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikuwa amenipiga mahali panapostahili. Alifariki siku ya Alhamisi, tarehe 11 Septemba 2025, saa tatu na dakika ishirini asubuhi, akiwa na umri wa miaka 64, nikiwa nimemshika ule mkono wenye kovu.

Kwa hiyo, mbele yenu ninyi mlioambiwa, natangaza kama watu wa kazi yake wanavyotangaza. Nafuta taarifa yangu ya tarehe 17 Mei 2009, kwamba binti wa marehemu alianguka kwenye ngazi. Hapakuwa na ngazi. Alipigwa na baba yake kwa kofi na kwa kitabu, kwa sababu alisema kweli, nami nilikuwa hatua sita. Katika miaka yote kabla ya hapo niliposema sioni kitu nyumbani kwa kaka, nilikuwa natazama kwa wiki mbili kwa mwaka, nikiwa nimeshiba, na nikiogopa kuona. Kosa la mkono ni lake, na yeye hakulifuta. Kosa la ngazi ni langu.

Familia inawashukuru madaktari waliompasua na kumtibu, wauguzi wa wodi namba nne waliokwepa vikombe na kurudi kesho yake, daktari kijana wa mwaka 2009 popote alipo, aliyeandika alichoambiwa, majirani waliotuazima maturubai na maji, na wafanyakazi wenzake waliosafiri kumsindikiza mtu waliyempenda, upendo wenu ulikuwa wa kweli na hatuwanyang'anyi. Shangazi, nisamehe, au usinisamehe, lakini uje kula.

Binti yetu, sijainua macho kuona kama bado umekaa, nitainua nikimaliza kusoma, na ukiweka udongo au usipouweka hakuna mtu wa ukoo huu atakayekusukuma mkono, atakayejaribu atakutana na mimi, safari hii bila kisu na bila utani.

Wewe pumzika, kaka. Amani tuachie sisi huku, ndio tunaoihitaji.